Ushirika hauletwi kwa kiboko

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuulizane swali moja tu. Siku utakapoanguka, ni nani atakayekuinua, na kwa nini atakuinua?

Swali hili limenikaa moyoni tangu miaka michache iliyopita, nilipohudhuria misiba miwili katika mwezi mmoja. Msiba wa kwanza ulikuwa hapa hapa Dar es Salaam, mtaani kwetu. Aliyefariki alikuwa fundi wa magari, mtu mzima, Mkristo aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Maturubai yalikwisha fungwa na chai ilikuwa inachemka wazee wa familia waliporudi kutoka kanisani kwake, nyuso zimewasawajika. Walikuwa wameambiwa kwamba marehemu hakuwa akihudhuria jumuiya. Daftari lilifunguliwa mbele yao, na jina lake halikuwa na alama hata moja kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Michango yake nayo ilikuwa nyuma. Kwa hiyo ibada ya mazishi hakuna. Mjomba wake mmoja akashika kitabu cha sala, akatuongoza alivyoweza, tukaenda kuzika.

Baadaye ndipo tulipoelewa mambo yalivyokuwa. Mkewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na yule bwana mchana alikuwa gereji, usiku alikuwa mlinzi wa ghala, ili apate fedha za dawa. Jumamosi alfajiri wenzake walipokutana kusali, yeye ndiyo kwanza anatoka lindoni. Katika mwaka ule mzima wa nafasi tupu daftarini, hakuna aliyekwenda kubisha hodi mlangoni kwake na kuuliza, "Ndugu, mbona huonekani?"

Msiba wa pili ulikuwa Kibiti. Aliyefariki alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa bara, aliyefundisha katika nchi ya Rufiji kwa miaka mingi na kuusia kwamba azikwe huko huko. Jumuiya yake ya Kikristo ilikuwa na kaya saba tu. Nilipofika asubuhi nilidhani nitawakuta wachache hao wanahangaika na jembe na sepetu. La hasha! Kaburi lilikwisha chimbwa. Waliolichimba walikuwa vijana wa mtaa, na wengi wao walikuwa Waislamu. Nyuma ya nyumba kina mama walikuwa wanachambua mchele kwenye nyungo, waliofunga ushungi na waliovaa sare za kwaya wakiwa kwenye jamvi moja. Ibada ilipoanza, majirani wale walikaa kimya chini ya mwembe mpaka ikamalizika, kisha wakaja kutia udongo pamoja nasi.

Nilimwamkia mzee mmoja aliyevaa kofia, nikamwuliza kama mambo huwa hivyo siku zote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwalimu alikuwa mtu wetu," akasema. "Mtu akiugua huku kwetu, yeye alikuja kabla hajaitwa."

Ndugu msikilizaji, misiba hiyo miwili ilinifundisha kwamba kuna ushirika wa namna mbili. Kuna ushirika wa daftari, na kuna ushirika wa kuja kabla hujaitwa. Katika nchi yetu hakuna mahali palipouonja ule wa amri na ule wa hiari kwa uchungu na kwa utamu kama bonde la Rufiji. Kwa hiyo leo tuifuate historia ya bonde hilo, tuone lina la kuwaambia nini Wakristo, na hata wasio Wakristo, juu ya kubebeana mizigo.

Kwa asiyeijua nchi hiyo, ukitoka Dar es Salaam ukaifuata barabara ya Kilwa kuelekea kusini, utafika Kibiti kabla hujafika Ikwiriri na mto wenyewe. Zamani hapo mtoni watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua ikizidi walilala njiani. Tangu mwaka 2003 wanapita juu ya Daraja la Mkapa. Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji mpaka katikati ya miaka ya 2010, ilipopewa wilaya yake. Upande wa mashariki mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Hiyo ndiyo delta, nchi ya mikoko, maji ya chumvi na mitumbwi. Humo ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha, ikazamishwa mwezi Julai 1915. Wenyeji wa bonde na delta kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengi wao ni watu waliokuja kwa kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara.

Sasa ebu tuanzie shambani, kwa kuwa Mrufiji kabla ya kuwa kitu kingine chochote ni mkulima wa bonde. Kilimo chake kilifuata mwendo wa mto. Mpunga ulipandwa kwa mvua za kwanza, mafuriko yakaja kuunywesha, ukavunwa maji yakiisha kupungua. Katika udongo ule wenye unyevu ulioachwa na maji alipanda tena mahindi na kunde, kilimo wanachokiita mlau. Mwaka wa mafuriko mema ulikuwa mwaka wa shibe. Mwaka wa mafuriko makali, maji yalichukua mpunga lakini yaliacha rutuba ya mlau.

Hata hivyo adui wa mkulima hakuwa maji peke yake. Ndege walikuja kwa makundi, nguruwe mwitu walikuja usiku, nyani na tumbili mchana, na kiboko akitoka mtoni aliweza kumaliza jasho la msimu mzima katika usiku mmoja. Ndiyo maana familia zilihamia shambani na kukaa juu ya dungu, nyumba ile iliyosimama juu ya miti, ili kuamia ndege na kufukuza wanyama. Na dungu moja peke yake halifai kitu. Ukilinda peke yako, wanyama wote wa jirani aliyelala watahamia kwako, na siku ukilala wewe, umekwisha. Dungu lilitaka dungu jingine karibu, na sauti ijibiwe na sauti. Anayepiga debe huku asikie debe likipigwa kule. Watu hao hawakuandikiana mkataba. Kila mmoja alijua kwamba akimwacha mwenzake aliwe na nguruwe leo, kesho ni zamu yake.

Huo ndio ushirika wa hiari. Haukuwa wa malaika, maana palikuwa na ugomvi, palikuwa na husuda, na palikuwa na shutuma za uchawi zilizovunja nyumba. Lakini ulikuwa wa watu wenyewe, na ulitosha kuwavusha kutoka msimu hadi msimu.

Halafu kikaja kiboko cha pili. Huyu hakutoka mtoni ila ofisini, na jina hilo alilipata kwa kuwa mjeledi ule ulikatwa katika ngozi ya mnyama yule yule. Serikali ya Kijerumani ilianza kwa kuiweka mikoko ya delta chini ya amri yake, na mwaka 1898 ikaweka kituo cha misitu huko Salale. Watu waliokuwa wakikata boriti zao wenyewe wakajikuta wanaomba ruhusa. Kuanzia mwaka 1902, katika wilaya za pwani na kusini, ukaletwa mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya. Neno hilo lisikilize vizuri, ndugu msomaji: ya jumuiya! Kila eneo lilipewa shamba moja, na wenyeji walilazimishwa kulilima kwa siku kadhaa kila mwaka chini ya akida na jumbe. Aliyechelewa alichapwa. Fedha zilipogawanywa, kilichomfikia mkulima kilikuwa kidogo kiasi kwamba baadhi yao walikataa kukipokea. Na siku alizokuwa kwenye pamba ya serikali ndizo siku ambazo ndege walikuwa kwenye mpunga wake.

Matokeo yake yanajulikana. Mwezi Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, kusini mwa Rufiji, waling'oa pamba, na vita ya Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji na tumaini, alinyongwa Mohoro, katika bonde la Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika vita hiyo na njaa iliyoifuata walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Walikufa na watu wa kanisa pia. Askofu Cassian Spiss, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa katika nchi ya Liwale mwezi Agosti mwaka huo huo. Ushirika wa kiboko ulizaa moto uliounguza hata wasioushika mjeledi.

Labda utasema hayo yalikuwa ya wakoloni, na Kanisa lilikuwa jingine. Hapa hapana budi tuseme ukweli wote. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walifanya kazi kubwa ya rehema, ya kuwakomboa watumwa na kuwapa makazi. Walijenga vijiji vya Kikristo ambamo waliokombolewa waliishi pamoja, wakaoana, wakalima. Lakini maisha hayo yaliendeshwa kwa kengele. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwaita kusali. Kijiji kilikuwa cha misheni na shamba la misheni, na amri zilitoka kwa padre. Baadhi ya watu wale, waliokwisha onja utumwa mmoja, walitoroka. Waanglikana nao, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, waliwapeleka watu waliokombolewa Masasi mwaka 1876. Mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni, wakazi wake wengine wakatekwa, wengine wakatawanyika.

Je, ni nini kilichobaki baada ya kengele kunyamaza? Jibu tunalipata karibu na Rufiji, katika nchi ya Uzaramo. Walutheri wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakaenea hadi Kisarawe na Maneromango. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari hao, mishahara ikakatika na waangalizi hawakuwapo tena. Wengi walitazamia kwamba waumini wangetawanyika kama kuku waliokosa mwenyewe. Haikuwa hivyo. Aliyewashika pamoja alikuwa Martin Ganisya, mtu aliyekuwa mtumwa katika utoto wake, kisha akawa mwalimu wa misheni. Yeye na walimu wenzake Waafrika walilinda sharika zile bila serikali ya kuwaunga mkono na bila mjeledi wa kumtisha mtu. Aliyekuja kusali alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Naweza kusema kwamba katika miaka ile Kanisa la Uzaramo lilikuwa maskini kuliko wakati wowote, na lilikuwa la wenyewe kuliko wakati wowote.

Turudi Rufiji. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na baada yake likaja neno zuri, Ujamaa. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alitaka watu waingie vijijini kwa kushawishika. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalilipiga bonde la Rufiji, na serikali, kwa nia ya kuokoa maisha ya watu, ikaanza kuwahamisha wakulima kutoka bondeni hadi maeneo ya juu, hasa ukingo wa kaskazini. Ikaitwa Operesheni Rufiji. Watu walipata shule, zahanati na maji ya visima, na jambo hilo tusilidharau. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki kule kule bondeni, na mwenye shamba sasa alikuwa anatembea saa nyingi kulifikia. Dungu likakosa mtu, nguruwe wakapata uhuru wao, na msaada wa chakula ukawa jambo la kungojewa.

Mwezi Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri kwa nchi nzima, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Tulioishi siku zile tukiwa watoto tunakumbuka malori, na tunakumbuka nyumba zilizoezuliwa paa ili wenyewe wasirudi. Mimi si miongoni mwa wanaoikejeli Ujamaa. Nia yake ilikuwa njema, nayo ilituachia lugha moja na undugu ambao majirani zetu wanautamani. Lakini kilichokuwa undugu kilipopewa karani, lori na tarehe ya mwisho, watu waliinamisha vichwa, wakahama, na mioyo yao ikabaki bondeni.

Ni katika miaka hiyo hiyo Kanisa Katoliki katika eneo letu lilipokuwa linajiuliza swali linalofanana na hilo. Parokia zilikuwa kubwa mno na mapadre walikuwa wachache. Mkristo angeweza kusali karibu na mwenzake miaka kumi bila kulijua jina lake. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki na nchi jirani, walikutana Nairobi, wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe upya kuanzia chini, kwa vikundi vidogo vya majirani. Mwaka 1976 wakakazia kwamba ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndiyo kazi ya kwanza. Hapa kwetu wazo hilo lilikuta udongo umekwisha lainishwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi na mafundisho ya Ujamaa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi. Yeye alihamia katika kijiji cha ujamaa, akaishi na wakulima akiwa mmoja wao, kwa kuwa aliamini kwamba askofu hawezi kuhubiri kugawana akiwa amekaa mbali na watu. Miongoni mwa Walutheri na Waanglikana, Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha wazoeza watu kukutana katika makundi madogo, kuungamiana makosa na kusaidiana kama ndugu wa tumbo moja.

Shabaha ya jumuiya ilikuwa wazi. Ilikuwa ni kulijengea Kanisa madungu, yaani watu wachache wanaokaa karibu kiasi cha kusikiana. Mgonjwa ajulikane siku ya kwanza, mjane asikose wa kumlimia, mgeni aliyehamishiwa kituo cha kazi asiwe yatima.

Na wazo lenyewe lilikuwa la kale kabisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatueleza kwamba Wakristo wa kwanza wa Yerusalemu waliuza mali zao na kuwagawia wenye shida. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini Anania alipodanganya kuhusu bei ya kiwanja chake, Petro alimkumbusha kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla hakijauzwa, na fedha zilikuwa zake baada ya kuuzwa. Kosa lake lilikuwa uongo. Hakuna aliyemlazimisha kutoa. Tena, wajane waliosema Kiyunani waliponung'unika kwamba wanasahauliwa katika mgao, mitume hawakuwafuta katika orodha kwa kunung'unika. Walichagua watu saba wa kushughulikia jambo hilo.

Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, Tertullian wa Karthago, karibu na mwaka 197 aliwaeleza watawala wa Kirumi jinsi Wakristo walivyoendesha mfuko wao. Alieleza kwamba kila mtu huweka kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, wala hakuna anayeshurutishwa. Fedha hizo zilikwenda kuwalisha na kuwazika maskini, na kuwatunza yatima, wazee na waliovunjikiwa na jahazi. Sikia hapo: kuwazika maskini! Mfuko uliundwa ili asiyekuwa na kitu azikwe kwa heshima. Miaka kama hamsini baadaye, tauni ilipoingia Karthago katika siku za Askofu Cyprian, aliwahimiza Wakristo wawahudumie hata wasiokuwa wa imani yao, wakati ambapo wengine walikuwa wanawatupa wagonjwa wao barabarani.

Sasa linganisha hayo na fundi wetu wa magari. Ni wapi tulipopotea njia? Naona tulipotea pale jumuiya ilipogeuzwa dirisha la kukatia stakabadhi. Mtu anataka mtoto abatizwe, aende jumuiya akapate barua. Anataka ndoa, barua. Kila mfuko wa ujenzi, wa mbegu na wa gari la parokia umepitia kwa mwenyekiti wa jumuiya, mpaka mwenyewe amekuwa kama mtoza kodi. Nawaonea huruma viongozi hao, kwa maana wengi wao wanatumika bila malipo na wanabebeshwa lawama za wakubwa. Wako pia watakaoniuliza, na wana haki ya kuuliza, "Je, asiyemsaidia mtu yeyote katika uhai wake, jumuiya imbebe siku ya kufa?" Ni kweli wapo wakwepaji. Wapo wanaolikumbuka kanisa siku wanapohitaji jeneza lipite mlangoni. Ushirika una gharama, na mtu anayekula jasho la wenzake tu anastahili kuonywa.

Lakini aonywe angali hai! Onyo linaloanza na hodi mlangoni ni la ndugu. Onyo linalosubiri mtu awe maiti huwaadhibu wajane na yatima, hao hao ambao mfuko wa Karthago uliundwa kwa ajili yao.

Watu wa Kibiti wameyapima mambo haya katika moto na katika maji. Moto ulikuja kati ya mwaka 2015 na 2017, pale watu wasiojulikana walipokuwa wanawaua viongozi wa vijiji na vitongoji, wakuu wa chama na askari. Mwezi Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja. Zilikuwa siku za hofu kubwa. Kilichokufa pamoja na watu wale kilikuwa imani ya jirani kwa jirani. Watu walifunga milango mapema, waliogopa kusema na waliogopa hata kuulizana habari. Na wewe unajua kwamba penye hofu ya namna hiyo Mwislamu na Mkristo huweza kuanza kutazamana kwa macho ya pembeni. Kuirudisha imani hiyo hakukuwezekana kwa tangazo. Ilirudi kwa mambo madogo, kwa kuzikana, kwa sahani ya futari inayovushwa ua mwezi wa Ramadhani na pilau ya Krismasi inayorudi na sahani ile ile.

Maji yalikuja mwezi Aprili 2024. Mvua za El Niño ziliujaza Mto Rufiji, na nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti yakazama. Mohoro, pale aliponyongewa Kinjikitile, pakawa ziwa. Serikali ilileta misaada, mashirika na taasisi za dini zikaleta misaada, na tunazishukuru. Lakini aliyewahi kuona mafuriko anajua kwamba katika usiku ule wa kwanza, kabla ya boti na kabla ya mahema, anayekuokoa ni jirani mwenye mtumbwi. Naye hawezi kukuokoa kama hajui kwamba mama yako mzee analala chumba cha nyuma.

Ndugu msikilizaji, haya ndiyo ninayoyaona katika historia ya bonde hilo. Pamba ya jumuiya ilikuwa na daftari, na imekufa. Vijiji vya kengele vilikuwa na daftari, vimekufa. Operesheni zilikuwa na madaftari mengi kuliko yote. Lakini desturi ya sauti kujibiwa na sauti haikuhitaji karani, na ndiyo iliyomchimbia mwalimu yule kaburi, mgeni wa dini nyingine na kabila jingine, kwa sababu naye alikuwa ameijibu sauti ya wenzake miaka yote.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wanajumuiya wote, wa mjini na wa shamba. Daftari liwepo, silikatazi, maana hata mchungaji huhesabu kondoo. Lakini yule wa kwenye mfano wa Yesu alihesabu ili ajue aliyepotea, akawaacha tisini na tisa, akatoka kumtafuta. Jumamosi hii mkikuta nafasi tupu mbele ya jina la mtu kwa mara ya pili, msiandike chochote kwanza. Watumwe wawili waende kwake, hata kama ni saa mbili usiku. Pengine watamkuta mkwepaji, nao wamwambie ukweli wake. Pengine watamkuta mtu anatoka kwenda lindoni huku mkewe amelala hoi kitandani, na hapo watakuwa wameipata kazi ya jumuiya kwa juma hilo.

Mkewe yule fundi bado yu hai. Majirani wa mtaa, wa dini zote, tulipanga zamu ya kumpeleka hospitali. Mwezi uliopita alipita nje ya nyumba ninayokaa akielekea dukani, anatembea pole pole, kwa miguu yake mwenyewe. Sijasikia kwamba jina lake limeandikwa katika daftari lolote.